Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu visa na ugunduzi katika historia ya tiba

Ukianza kusimulia historia ya tiba, watu huuliza yale yale: nani alikuwa wa kwanza, ilitokea kwa bahati au la, na je, kisa fulani maarufu ni cha kweli? Maswali hayo yamekusanywa hapa, kuanzia yale mepesi hadi yale yanayoumiza kichwa. Pale jibu moja linapogusa jingine, utaelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Je, ni kweli kwamba ugunduzi mwingi ulitokea kwa bahati tu?

Bahati ipo. Kuvu iliota kwenye sahani ya Alexander Fleming huko London mwaka 1928 bila mtu kuipanda. Bakteria wa vidonda vya tumbo walioteshwa kwa mara ya kwanza Perth, Australia, mwaka 1982, kwa sababu sikukuu ya Pasaka iliacha sahani ndani ya kabati la joto kwa siku tano, wakati kawaida zilikuwa zikitupwa baada ya siku mbili. Wadudu wale walihitaji muda tu.

Ila mimi kinachonishika zaidi ni yale yanayofuata baada ya bahati. Kutoka siku jambo linapoonekana hadi siku linapomfikia mgonjwa kitandani kuna safari, na aghalabu ni ndefu. James Lind, tabibu wa meli za kivita za Uingereza, alionyesha mwaka 1747 kwamba machungwa na malimau yanaponya kiseyeye, lakini jeshi la majini la Uingereza likaanza kuwapa mabaharia wake maji ya malimau kwa utaratibu mwaka 1795. Mwanakemia Humphry Davy aliandika mwaka 1800 kwamba gesi ya kuchekesha huenda ikafaa kuondoa maumivu wakati wa upasuaji, ikapita miaka 44 kabla daktari mmoja wa meno kuijaribu kwa kung'olewa jino lake mwenyewe. Watu waliokufa katikati ya safari hizo hawatajwi sana, na ndio wanaonifanya niendelee kuzisoma habari hizi.

Maandishi ya kale ya upasuaji yanasemaje?

Mashuhuri zaidi ni mafunjo ya Misri yanayoitwa Edwin Smith, kwa jina la Mmarekani aliyeyanunua Luxor mwaka 1862. Nakala yenyewe ina umri wa takriban miaka 3,600. Inaeleza visa 48 vya majeraha, ikianza kichwani na kushuka chini mwilini. Kila kisa kinafuata mpangilio ambao daktari wa leo angeutambua: mwangalie mgonjwa, mguse, sema ana nini, kisha toa uamuzi. Uamuzi ulikuwa wa aina tatu: ugonjwa nitakaoutibu, ugonjwa nitakaopambana nao, na ugonjwa usiotibika. Huo wa tatu ndio unaonivutia. Mganga wa kale alikubali kwa maandishi kwamba kuna mahali uwezo wake unafika mwisho.

Nani aligundua mzunguko wa damu?

Vitabu vingi vinamtaja William Harvey, aliyechapisha kazi yake mwaka 1628, na anastahili. Alipiga hesabu ya damu inayotoka moyoni kwa kila pigo, akaona ni nyingi kiasi kwamba mwili hauwezi kuwa unaitengeneza upya kutokana na chakula. Lazima damu ile ile iwe inarudi.

Lakini karibu miaka 400 kabla yake, Ibn al-Nafis, tabibu mzaliwa wa Damascus aliyefanya kazi Cairo, alikuwa ameandika kwamba damu haipenyi ukuta ulio kati ya vyumba viwili vya moyo, kama Galen, tabibu Mgiriki wa kale, alivyofundisha. Alisema inatoka upande wa kulia, inapita mapafuni, inachanganyika na hewa, ndipo inaingia upande wa kushoto. Andiko lake lilikaa maktabani hadi mwaka 1924, daktari kijana Mmisri aitwaye Altatawi alipolikuta Berlin akiwa masomoni.

Kwa nini watu walitolewa damu kama tiba kwa karne nyingi hivyo?

Kwa sababu nadharia ilikubaliana nayo. Iliaminika kwamba mwili una majimaji manne, na ugonjwa ni kuzidiana kwake. Basi ukipunguza damu unarudisha usawa. Tena wagonjwa wengi hupona wenyewe, na aliyepona baada ya kutolewa damu alihesabiwa kuwa ushahidi. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alipougua koo Desemba 1799, madaktari wake walimtoa damu mara nne ndani ya siku moja, jumla zaidi ya lita 2. Alifariki usiku huo huo.

Kilichoanza kuizima desturi hii ni kuhesabu. Miaka ya 1830 daktari Pierre Louis wa Paris aliwapanga wagonjwa wa nimonia kwa makundi, waliotolewa damu mapema na waliochelewa kutolewa, akalinganisha waliokufa na waliopona. Faida iliyotarajiwa haikuonekana.

Kiswahili chenyewe kimehifadhi kumbukumbu ya tiba hii. Chuku ni ile pembe ya kuumikia, na kupiga chuku ni kuumika. Leo wengi tunaijua kwa maana ya kutia chumvi kwenye habari tu, na chuku ya aina hiyo ina swali lake karibu na mwisho.

## Ndui na chanjo

Chanjo ilianza na Edward Jenner?

Hapana. Kabla yake watu wa Asia, Uturuki na sehemu za Afrika walikuwa wakichukua usaha kidogo wa mgonjwa wa ndui na kuutia kwenye mchanjo wa ngozi ya mtu mwenye afya. Aliugua kidogo, kisha hakuugua tena. Neno letu la chanjo linatokana na kuchanja, na kuchanja ndiko kulikofanyika hasa.

Kisa ninachopenda watu wakijue ni cha Onesimus, Mwafrika aliyekuwa mtumwa wa mchungaji Cotton Mather huko Boston. Mather alimuuliza kama aliwahi kuugua ndui. Onesimus akajibu ndiyo na hapana: alichanjwa kwao, akaonyesha kovu mkononi. Ndui ilipoingia Boston mwaka 1721, Mather aliwasihi madaktari wajaribu njia ile, akakubali mmoja tu, Zabdiel Boylston. Aliwachanja watu wapatao 240, wakafa 6. Miongoni mwa wakazi 5,889 walioupata ugonjwa kwa njia ya kawaida walikufa 844. Piga hesabu mwenyewe: wawili na nusu hivi katika kila mia, dhidi ya 14. Pamoja na hayo, wenye mji waliokuwa na hasira walirusha bomu nyumbani kwa Mather. Hoja mojawapo iliyotolewa ilikuwa kwamba maneno ya Waafrika hayaaminiki.

Basi Jenner aliongeza nini?

Usalama. Njia ya zamani ilitumia ndui yenyewe, kwa hiyo aliyechanjwa aliweza kufa au kuwaambukiza jirani. Jenner, daktari wa mashambani Uingereza, alifuatilia usemi wa wakamuaji kwamba aliyewahi kupata ndui ya ng'ombe haugui ndui. Tarehe 14 Mei 1796 alichukua majimaji ya kipele kwenye mkono wa mkamuaji Sarah Nelmes, akayatia kwenye mchanjo wa James Phipps, mtoto wa miaka 8 wa mtunza bustani wake. Wiki kadhaa baadaye akamtia ndui halisi. Mtoto hakuugua.

Hata hapo hakuwa wa kwanza. Mkulima Benjamin Jesty alikuwa amemchanja mkewe na wanawe wawili kwa ndui ya ng'ombe mwaka 1774. Jesty aliokoa familia yake; Jenner alirudia, akaandika, akawatumia wengine mbegu ya chanjo. Kuhusu kumtia mtoto ugonjwa kwa makusudi, tazama swali la ridhaa mwishoni.

Nani alikuwa mgonjwa wa mwisho wa ndui?

Wa mwisho kuupata kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, mwezi Oktoba 1977. Alipanda gari lililobeba wagonjwa wawili ili kumwelekeza dereva njia, safari fupi ya dakika chache, na ikatosha. Alifanya kazi hospitalini lakini alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu. Alipona.

Tarehe 8 Mei 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imetokomezwa. Maalin baadaye alijitolea katika kampeni ya chanjo ya polio, akizunguka na kuwaeleza wazazi waoga habari yake mwenyewe. Alifariki kwa malaria mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyo. Mwaka 1978 kulikuwa na kifo kimoja zaidi cha ndui huko Birmingham, Uingereza, lakini virusi hivyo vilihusishwa na maabara.

## Mikono, maji na hewa

Kisa cha daktari aliyewaambia wenzake wanawe mikono ni cha kweli?

Ni cha kweli, na kinauma. Ignaz Semmelweis alifanya kazi katika hospitali kuu ya Vienna, iliyokuwa na wodi mbili za wazazi. Ya kwanza walifundishwa wanafunzi wa udaktari; ya pili walifundishwa wakunga. Katika ya kwanza homa ya uzazi iliua takriban mama mmoja kati ya kumi. Katika ya pili, wanne kwa mia. Wanawake walilijua hilo kabla ya maprofesa. Wodi zilipokea kwa zamu za siku, na mama aliyeletwa siku ya wodi ya kwanza alipiga magoti akiomba asiingizwe. Wengine walijifungulia njiani, na waliojifungulia njiani walikufa kidogo kuliko walioingia wodi ile.

Semmelweis alianza kuondoa sababu moja baada ya nyingine. Msongamano? Wodi ya pili ndiyo iliyojaa zaidi. Jinsi mama anavyolala? Akawabadilisha ulalo; wapi. Padri aliyepita wodini akitanguliwa na kengele kumpelekea mgonjwa sakramenti, huenda aliwatia hofu? Akamwomba apite kwingine bila kengele. Hakuna kilichobadilika. Kisha Machi 1847 rafiki yake Jakob Kolletschka alikatwa kidole kwa kisu cha mwanafunzi walipokuwa wakipasua maiti, akafa. Semmelweis alisoma ripoti ya uchunguzi wa mwili wake na kuona dalili zile zile za akina mama. Wanafunzi walikuwa wakitoka chumba cha maiti na kwenda moja kwa moja kuwapima wajawazito. Wakunga hawakugusa maiti. Mei mwaka huo aliagiza kila mtu anawe kwa maji ya klorini. Aprili walikuwa wamekufa zaidi ya 18 kwa mia. Juni walikufa 2 na ushei.

Kama takwimu zilikuwa wazi hivyo, kwa nini hakuaminiwa?

Sababu ni kadhaa. Hakuna aliyejua bado kwamba vijidudu husababisha ugonjwa, kwa hiyo hakuweza kueleza ni kitu gani hasa kilikuwa mikononi. Hakuchapisha kitabu chake hadi mwaka 1861, na alipochapisha aliwashambulia wapinzani kwa maneno makali. Zaidi ya hayo, kumkubali kulimaanisha daktari akiri kwamba mikono yake ndiyo iliyoua. Nadhani hilo ndilo lililowashinda wengi.

Alifariki Agosti 1865 katika nyumba ya wagonjwa wa akili, kwa jeraha lililooza, akiwa na miaka 47. Mwezi huo huo huko Glasgow, mpasuaji Joseph Lister alimfunga mvulana wa miaka 11 aliyevunjika mguu kitambaa chenye asidi ya kaboliki, na kidonda kikapona bila kuoza.

John Snow alikomesha kipindupindu kwa kung'oa mpini wa pampu?

Nusu ya kisa ni sawa. Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kililipuka mtaa wa Soho, London, kikaua zaidi ya watu 600. Wakati huo wengi waliamini ugonjwa huletwa na hewa chafu. Snow, daktari wa London, alibisha hodi nyumba kwa nyumba akiuliza waliokufa walichota maji wapi. Waliokufa wengi walichota kwenye pampu ya Broad Street. Nyumba ya maskini iliyokuwa jirani, yenye kisima chake na watu zaidi ya 500, ilipoteza wachache sana. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia mtaani hapo hawakufa, kwani walikunywa bia na maji ya kisima chao. Na mjane mmoja aliyeishi mbali, Hampstead, alikufa: aliyapenda maji ya pampu ile na alikuwa akiletewa.

Mpini uliondolewa tarehe 8 Septemba. Ila kufikia siku hiyo vifo vilikuwa vimeshuka tayari, na Snow mwenyewe aliandika hivyo. Thamani ya kazi yake imo katika zile hodi. Aliyekamilisha upelelezi alikuwa kasisi Henry Whitehead, ambaye mwanzoni alitaka kumpinga: yeye ndiye aliyepata habari za mtoto mchanga aliyeharisha nyumba namba 40, ambaye maji ya kufulia nepi zake yalimwagwa kwenye shimo lililovuja kuelekea kisima.

Na maji ya chumvi na sukari yalitoka wapi?

Wanasayansi walikuwa wamegundua katika miaka ya 1960 kwamba sukari husaidia utumbo kufyonza chumvi, na chumvi huvuta maji. Jaribio kubwa la uwanjani lilikuja kwa kulazimika. Mwaka 1971 wakimbizi wa vita vya Bangladesh walijaa kambi za Bangaon, India, kipindupindu kikaingia, dripu zikakaribia kwisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliagiza chumvi na sukari zichanganywe kwenye mapipa ya maji safi, ndugu wa wagonjwa wakawanywesha kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 kwa mia vilishuka chini ya 4. Kwa maoni yangu hakuna dawa rahisi zaidi iliyookoa watoto wengi hivyo.

## Dawa

Je, Fleming aligundua penisilini peke yake?

Aliigundua, lakini hakuifanya kuwa dawa. Fleming alirudi likizo Septemba 1928, akaona kwamba kuzunguka kuvu iliyoingia kwenye sahani, bakteria walikuwa wamekufa. Akaandika makala mwaka uliofuata. Kuitenga ile kemikali kulimshinda, akaendelea na mengine.

Kazi ilifufuliwa Oxford na Howard Florey, Ernst Chain na Norman Heatley. Tarehe 25 Mei 1940 walidunga panya 8 bakteria wa kuua, wanne wakapewa penisilini. Heatley alikaa nao usiku. Kabla ya mapambazuko wanne wasiotibiwa walikuwa wamekufa. Waliotibiwa walikuwa hai. Ilikuwa wakati wa vita, vifaa hakuna, kwa hiyo kuvu iliotezwa ndani ya makopo ya biskuti, sufuria na hasa vyombo vya wagonjwa vya kujisaidia kitandani, ambavyo kina chake kilifaa. Heatley akachora chombo cha udongo cha umbo hilo na kuagiza mamia. Wasichana sita waliajiriwa kuhudumia kuvu. Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1945 ilikwenda kwa Fleming, Florey na Chain. Heatley hakuwamo.

Mgonjwa wa kwanza wa penisilini alipona?

Alikaribia. Albert Alexander alikuwa askari polisi mwenye miaka 43. Uambukizo ulikuwa umemtoa jicho moja na kujaza usaha kichwani na mapafuni. Februari 1941 alidungwa penisilini, na ndani ya siku moja homa ikaanza kushuka, akala. Dawa ilikuwa kidogo mno, hivyo mkojo wake ulikusanywa na kupelekwa maabara kwa baiskeli, penisilini ikachujwa humo na kudungwa tena. Siku ya tano ikaisha. Alifariki Machi. Baada yake timu iliwachagua watoto zaidi, kwa kuwa mwili mdogo unahitaji dozi ndogo.

Husemwa kwamba alichomwa na mwiba wa waridi. Familia yake ilikuja kueleza kwamba aliumia katika shambulio la mabomu.

Lind alithibitishaje tiba ya kiseyeye?

Ndani ya meli ya HMS Salisbury, Mei 1747, alichukua mabaharia 12 wenye kiseyeye kinachofanana: fizi zimeoza, madoa mwilini, magoti hayana nguvu. Aliwalaza pamoja, akawapa chakula kimoja, akawagawa wawili wawili. Kila jozi ilipata tiba yake: sharubati ya tufaha iliyochacha, asidi iliyozimuliwa, siki, maji ya bahari, rojo ya viungo, au machungwa mawili na limau moja kwa siku. Matunda yaliisha baada ya siku sita, na mmoja wa waliokula alikuwa karibu tayari kurudi kazini. Kwa nini ikachukua karibu nusu karne? Lind mwenyewe alikizika kisa hiki katikati ya kitabu kinene cha mwaka 1753, na hakusema wazi kwamba matunda pekee yanatosha.

Dawa mseto ya malaria kweli ilitoka kwenye kitabu cha kale?

Kidokezo ndicho kilichotoka huko. Tu Youyou aliongoza kikundi katika mradi wa siri wa China ulioanza tarehe 23 Mei 1967. Walijaribu mimea mingi. Pakanga ya Kichina ilionyesha dalili nzuri, kisha ikashindwa. Akarudi kwenye andiko la Ge Hong la karne ya 4, lililosema loweka konzi moja ya mmea huo majini, kamua, unywe. Loweka, kamua: hakuna kuchemsha. Akawaza kwamba moto ndio uliokuwa ukiharibu dawa. Alitumia etha inayochemka kwa joto dogo, na Oktoba 1971 sampuli namba 191 iliua vimelea vyote katika panya. Kabla ya kuwapa wagonjwa, yeye na wenzake wawili waliimeza wenyewe. Nobeli ilikuja mwaka 2015.

Nani alipata utajiri wa insulini?

Si wale waliokuwa kwenye hataza ya mwanzo. Kabla ya insulini, mtoto mwenye kisukari alinyimwa chakula ili aishi miezi kadhaa zaidi. Tarehe 11 Januari 1922 huko Toronto, Leonard Thompson wa miaka 14 alidungwa maji ya kongosho ya ng'ombe. Yalikuwa machafu, yakamletea jipu. James Collip alikesha akiyasafisha, na tarehe 23 sindano mpya ikashusha sukari. Frederick Banting na Charles Best, watafiti walioanzisha kazi hiyo, pamoja na Collip waliuza haki zao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja.

Ni kweli kuna dawa ya watu iliyoanza kama sumu ya panya?

Ndiyo, wafarini. Mwaka 1933 mkulima wa Wisconsin, Marekani, aliendesha gari ndani ya dhoruba ya theluji akiwa na mtamba aliyekufa, nyasi zilizoota kuvu, na kopo la maziwa lililojaa damu isiyoganda. Alifika maabara ya mwanakemia Karl Link. Miaka kadhaa baadaye kikundi cha Link kikatenga kemikali iliyokuwa kwenye nyasi hizo. Ndugu yake mwenye nguvu zaidi, wafarini, aliuzwa kuua panya kuanzia mwaka 1948, na kuanzia 1954 akawa dawa ya kuzuia damu kuganda kwa binadamu.

## Upasuaji

Upasuaji ulikuwaje kabla ya nusukaputi?

Wa haraka na wa kushikiliwa. Sifa kuu ya mpasuaji ilikuwa kasi. Tarehe 16 Oktoba 1846, Boston, William Morton alimvutisha mgonjwa etha mbele ya madaktari, John Collins Warren akamkata uvimbe shingoni bila kelele. Habari zilivuka bahari na kabla ya Krismasi Robert Liston alikuwa amekata mguu London kwa etha.

Hata hivyo Hanaoka Seishū wa Japani alikuwa amemlaza mama wa miaka 60 kwa mchanganyiko wa mitishamba na kumtoa saratani ya titi mwaka 1804, na Crawford Long wa Georgia alitumia etha mwaka 1842 asichapishe hadi 1849. Horace Wells, yule daktari wa meno wa gesi, alifanya onyesho mwaka 1845, mgonjwa akapiga kelele, watazamaji wakamzomea. Alifariki akiwa na miaka 33.

Nimesikia wapasuaji wa Bunyoro walizalisha kwa kisu kabla ya ukoloni. Kuna ushahidi?

Upo, na ni wa shahidi wa macho. Robert Felkin, mwanafunzi wa tiba kutoka Uingereza, alikuwa Bunyoro, Uganda ya leo, mwaka 1879, na akachapisha alichokiona mwaka 1884. Mama wa umri wa miaka kama 20 alilazwa kitandani, amenyweshwa pombe ya ndizi hadi akalewa. Mpasuaji alinawa mikono kwa pombe hiyo, akaosha tumbo la mama kwayo, kisha kwa maji. Akapasua kutoka karibu na kitovu kushuka chini. Msaidizi aligusa mishipa inayovuja kwa chuma chekundu cha moto. Mtoto akatolewa, mji wa mimba ukakandwa hadi ukajikunja, na ngozi ikafungwa kwa vipini saba vya chuma vilivyosuguliwa na kuzungushiwa nyuzi za gome. Juu yake dawa ya mizizi iliyotafunwa na jani la mgomba. Felkin alimfuatilia siku 11. Kidonda kilifunga, mama na mtoto walikuwa hai.

Kumbuka kilichokuwa kikitokea Ulaya: huko upasuaji huu uliua akina mama wengi, na Lister alikuwa bado akibishana na wenzake kuhusu usafi. Utulivu wa kila hatua aliyoiona Felkin unaonyesha kwamba haikuwa mara yao ya kwanza. Majina ya wapasuaji wale hakuyaandika, na hilo ni pengo ambalo halitazibika.

Upasuaji wa uzazi umeitwa kwa jina la Julius Caesar kwa sababu alizaliwa hivyo?

Hapana. Roma ya wakati ule ilimpasua mama aliyekwisha kufa au anayekata roho. Aurelia, mama yake Caesar, aliishi hadi mwanawe akawa mtu mzima.

## Waliojifanyia majaribio

Kuna daktari aliyekunywa bakteria kweli?

Barry Marshall, mwaka 1984. Yeye na Robin Warren waliamini vidonda vya tumbo huletwa na bakteria. Wenzao walisema ni asidi na mawazo mengi. Wanyama wa maabara hawakuambukizika, hivyo akanywa mwenyewe mchuzi wa bakteria. Baada ya siku chache alikuwa akitapika na pumzi inanuka, na kipimo kikaonyesha tumbo limevimba. Nobeli, mwaka 2005.

Na aliyejipasua mwenyewe?

Leonid Rogozov, daktari pekee katika kituo cha Kisovieti cha Novolazarevskaya, Antaktika. Tarehe 30 Aprili 1961 alijitoa kidole tumbo kwa ganzi ya sindano. Wenzake wasio madaktari walimshikia kioo na vifaa. Kioo kilimgeuzia kushoto kulia, akaamua kufanya kazi kwa kupapasa, bila glavu. Kila dakika nne au tano alipumzika maana kichwa kilizunguka. Alimaliza kwa saa moja na dakika 45.

Werner Forssmann naye aliingiza mrija kwenye mshipa wa mkono wake mwaka 1929, Ujerumani, akausukuma hadi moyoni, kisha akashuka chumba cha eksirei kupiga picha ya kuthibitisha.

## Maswali magumu

Ni visa gani maarufu ambavyo ni chuku?

Kwamba baba yake Fleming alimwokoa Churchill mtoto asizame, na Fleming akamwokoa tena kwa penisilini: si kweli. Churchill alipougua nimonia mwaka 1943 alitibiwa kwa dawa ya salfa. Kwamba Liston aliwahi kuua watu watatu katika upasuaji mmoja: hakuna shahidi wa wakati wake aliyeliandika. Kwamba kiapo cha Hippocrates kina maneno "kwanza, usidhuru": hayamo kwa namna hiyo, ingawa wazo linalofanana lipo katika andiko jingine la Kigiriki. Kwa pampu ya London na mwiba wa waridi, tazama majibu ya juu.

Wagonjwa waliofanyiwa majaribio haya waliombwa ridhaa?

Mara nyingi hapana, na jibu hili ndilo gumu kuliko yote. James Phipps alikuwa mtoto wa mfanyakazi. Alexis St. Martin, aliyepigwa risasi tumboni mwaka 1822 na kubaki na tundu lisiloziba, alitumiwa na Dkt. William Beaumont kwa majaribio zaidi ya 200. Vipande vya nyama vilifungwa kwa uzi, vikatumbukizwa tumboni mwake, vikavutwa kutazamwa. Tuna elimu kubwa ya mmeng'enyo kutoka kwake. Alikuwa maskini aliyehitaji riziki.

Kuna mengine ambayo hayana hata elimu ya kuyatetea. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, huko Tuskegee, Alabama, serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende ili kuona ugonjwa unavyoendelea, ikiwanyima penisilini ile ile ya Oxford hata ilipokuwa tiba ya kawaida.

Chembe za saratani ya Henrietta Lacks zilichukuliwa Baltimore mwaka 1951 bila yeye kuulizwa, zikaoteshwa bila kufa, zikasaidia kupima chanjo ya polio; familia yake ilijua zaidi ya miaka 20 baadaye. Na katika miaka ya 1840, Montgomery, Alabama, J. Marion Sims alibuni upasuaji wa fistula kwa kuwapasua wanawake watumwa bila etha. Mmoja wao, Anarcha, alipasuliwa takriban mara 30. Sanamu ya Sims iliondolewa katika bustani kuu ya New York mwaka 2018. Tangu mwaka 2021 Montgomery ina sanamu za wanawake watatu ambao Sims aliwataja: Anarcha, Betsey na Lucy. Wengine waliokuwa nao hakuwaandika majina.